Diski ya bekapu iko juu ya seva: niongeze wingu, au niachane na diski?

*"Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi na pembejeo Mtwara mjini, na matawi mawili madogo, Masasi na Lindi. Seva iko chumba cha nyuma ya duka, na ndiyo inayobeba mauzo, stoo na madeni ya wakulima wanaochukua salfa na mabomba ya kupulizia mwezi wa 6 wakaja kulipa baada ya minada ya korosho. Jumla ni kama gigabaiti 600, zikiwemo 350 za video za kamera za duka. Kila Jumamosi kijana wetu ananakili kila kitu kwenye diski ya nje, halafu anaiacha juu ya seva. Folda ya mahesabu nimeiunganisha pia na Google Drive. Sasa fundi mmoja ananishauri nihamishie bekapu yote kwenye wingu niachane na diski. Mume wangu hataki. Anasema mtandao wa huku hauaminiki, na madeni yetu yatasomwa na watu wa nje. Nani yuko sahihi? Na itachukua muda gani kwa laini yetu, ambayo nikiipima inaonyesha 20 kupakua na 4 kupakia?"*

Dada, kabla sijaingia kwenye ubishi wa fundi na mumeo, kuna jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaja. Kwa hali uliyoieleza, duka lako halina bekapu. Lina nakala ya pili ya data iliyolala kitanda kimoja na ile ya kwanza. Mwizi akivunja dirisha la chumba cha nyuma atabeba seva na diski kwa mkono mmoja. Bati likivuja, maji yataanzia kwenye diski ndipo yafike kwenye seva. Na kama diski inabaki imechomekwa wiki nzima, umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika unaweza kuziunguza zote mbili.

Kwetu pwani kuna adui mwingine wa kimyakimya, hewa ya chumvi. Nimefungua seva za Shangani hapo Mtwara na za Lindi mjini zenye umri wa miaka 3 tu nikakuta viunganishi vimeota ukungu wa kijani. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kwenye diski huoza.

Sasa hiyo Google Drive, ambayo nadhani ndiyo inayokupa usingizi mzuri kuliko inavyostahili. Kazi yake ni kulandanisha: kinachotokea kwenye folda yako kinatokea na kule. Ukiongeza faili, linaongezeka. Ukilifuta kwa bahati mbaya, kule nako linaenda kwenye pipa la taka, na baada ya siku 30 linafutika kabisa. Vikiingia virusi vile vinavyofunga mafaili kisha vinadai fidia, mafaili yaliyofungwa yanaweza kupanda juu na kuchukua nafasi ya yale mazima, tena haraka, kwa sababu huduma inafanya kazi yake vizuri. Kuna njia ya kurudisha matoleo ya zamani ya mafaili, lakini usiitegemee hiyo peke yake kwa mafaili 40,000 ukiwa na foleni ya wateja kaunta.

Lipo na la pili. Programu nyingi za mauzo huweka kila kitu ndani ya kanzidata, faili kubwa ambalo liko wazi na linaandikwa muda wote duka likiwa wazi. Ukilinakili likiwa katika hali hiyo unapata kitu kama picha ya mtu aliyepigwa akiwa anapepesa macho: nusu ya muamala imo, nusu haimo. Siku ya kulirudisha, programu inalikataa. Dawa yake ni kuiambia kanzidata yenyewe itoe nakala yake kamili kwanza (karibu zote zina amri hiyo), kisha ndiyo inakiliwe hiyo nakala. Muulize kijana wako Jumamosi ijayo anachukua kipi. Kama jibu ni "nakopi folda yote," basi hata ile diski iliyo juu ya seva sina imani nayo.

Tuje kwenye wingu. Jina linapotosha, maana hakuna kilichoko angani. Ni kompyuta za mtu mwingine, ndani ya jengo lenye jenereta, viyoyozi na walinzi, na wewe unakodi nafasi. Amazon ina majengo kama hayo Cape Town tangu 2020, Microsoft Johannesburg tangu 2019, Google nayo ikafika Johannesburg 2024. Hapa nyumbani kuna kituo cha taifa cha data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ambacho nacho hupangisha nafasi. Kwa kazi ya bekapu, umbali si hoja kubwa, kwa kuwa huendi huko kila dakika.

Hofu ya mumeo kuhusu watu wa nje si ya kupuuzwa, ila ina jibu. Wewe na mimi tunajua mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho ghalani, anabaki na karatasi, na mwenye ghala anaona magunia na anajua uzito na daraja. Bekapu iliyofanywa sawasawa inampa mwenye ghala habari pungufu zaidi ya hapo. Programu ya bekapu inayafunga mafaili kwa msimbo hapohapo kwenye seva yako kabla hayajatoka mlangoni. Kinachofika Cape Town ni vurugu ya herufi ambayo hata mwenye jengo hawezi kuisoma bila ufunguo wako, yaani nywila ya siri unayoiweka mwenyewe. Programu kama restic, Kopia na Duplicati zinafanya hivyo na hazilipiwi. Veeam nayo inaweza, ila lazima uwashe kipengele hicho mwenyewe.

Kuna bei ya usalama huo na lazima niiseme wazi. Ukipoteza ufunguo, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Si fundi, si kampuni, si polisi wa mtandao, hakuna anayeweza kuifungua. Kwa hiyo uandikwe kwenye karatasi, kwa kalamu, nakala mbili: moja ikae nyumbani kwako, nyingine Masasi kwa mtu unayemwamini. Usiuhifadhi ndani ya seva hiyohiyo. Mtu hafungi funguo za nyumba ndani ya nyumba.

Na kwa kuwa madeni yako yana majina ya watu, namba za simu na pengine namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), kuna sheria inayokuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kufunga kwa msimbo kunakusaidia sana ila hakukuondolei wajibu huo. Kabla hujasaini na kampuni ya nje, waulize Tume au mwanasheria wako. Ikionekana ni mzigo, kituo cha hapahapa Tanzania kinakupunguzia maswali.

Mtandao. Hapa mumeo ana ushahidi. Mei 2024 sote tunaikumbuka: kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa mwezi na mvua zake, barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa, na tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Mwezi mmoja, barabara na mtandao. Aliyekuwa anategemea kutuma diski Dar kwa basi alikwama, na aliyekuwa anategemea wingu peke yake alikwama. Ila angalia kwa makini alikwama nini. Bekapu ya usiku ikishindwa kupanda kwa siku 3, programu nzuri inasubiri na kuendelea ilipoishia laini ikirudi. Hujapoteza kitu, umechelewa tu. Balaa ni pale seva inapokufa ndani ya siku hizohizo 3, ukahitaji kushusha data na hakuna njia. Kwa sababu hiyo sikubaliani na fundi anayesema uachane na diski.

Hesabu zako nimezifanya, na jibu linategemea unachopeleka. Toa kwanza zile gigabaiti 350 za kamera. Hakuna atakayekuja kudai video ya Jumanne ya Februari, na kama kuna tukio, unakata kipande chake unakihifadhi. Zinabaki 250. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde ya kupakia (hiyo ndiyo namba yako hapa, ile 20 ni ya kushusha), gigabaiti 250 zinachukua siku karibu 6, usiku na mchana bila kupumzika. Ukiiruhusu ifanye kazi saa 10 kila usiku tu, ili mchana kaunta isikwame, ni usiku 14. Inavumilika, kwa kuwa ni mara moja. Angalia tu bando lako lisiwe lile linalopunguzwa kasi ukivuka kiwango fulani. Nimeona mtu akimaliza mgao wa mwezi ndani ya siku 2 kisha akawalaumu Wazungu wa wingu.

Baada ya mara ya kwanza mambo hubadilika. Programu huyakata mafaili vipande vidogo na kila kipande hukipa alama yake, kama dole gumba kwenye fomu ya mkulima. Usiku unaofuata inalinganisha alama na kupeleka vile tu visivyokuwepo jana. Duka la ukubwa wako, mabadiliko ya siku moja sidhani yanavuka gigabaiti 1, na hiyo kwa laini yako ni dakika 33 au zaidi kidogo. Inaanza saa 5 usiku, kabla ya saa 6 imekwisha.

Kurudisha ndiko watu wanakokusahau. Gigabaiti zote 250 kwa kasi yako ya 20 ni kama saa 28, laini isipotetereka. Lakini huhitaji zote siku ya kwanza. Unachohitaji ili ufungue mlango ni kanzidata ya mauzo na madeni. Tuseme ina gigabaiti 9: hiyo inashuka ndani ya saa 1. Picha za risiti na mikataba ya zamani zinaweza kufuata taratibu huku duka likiuza. Kwa hiyo panga bekapu mbili tofauti tangu mwanzo, kanzidata upande wake na mafaili mengine upande wake. Ni jambo dogo, na sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Swali ambalo ningependa ujiulize wewe na mumeo, kabla ya kuzungumzia bei, ni hili: mkikaa kaunta leo jioni, mnaweza kukumbuka madeni ya siku ngapi kwa kichwa? Februari pengine siku 5, kwani biashara imelala. Juni na Julai, wakati wa kupulizia mikorosho, watu 60 wanachukua mzigo kwa siku na kulipa ni hadi Oktoba minada ikianza. Diski ya Jumamosi ikiwa ndiyo bekapu yako na seva ikafa Ijumaa, umepoteza siku 6 za madeni ambayo wadaiwa wako wenyewe watakuwa na kumbukumbu nzuri mno ya kutoyakumbuka. Msimu huo ningetaka kanzidata inakiliwe kila baada ya saa 2, na wingu lipokee kila usiku. Nje ya msimu, mara moja kwa siku yatosha.

Basi mpango ningeujenga hivi. Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, kwamba data ya maana iwe na nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mbali. Wewe nakala ya kwanza ni seva. Ya pili ni diski, ila nunua ya pili yake: moja ikiwa dukani nyingine iko nyumbani au Masasi, zinabadilishana kila wiki, na iliyopo dukani ichomekwe wakati wa kunakili tu. Masasi ni pazuri, maana ni mbali na chumvi ya bahari na hakuna moto utakaounguza miji miwili kwa siku moja. Ya tatu ni wingu. Diski inakuokoa siku mtandao haupo, wingu linakuokoa siku jengo halipo.

Bei za kuhifadhi kwa kampuni kubwa huwa kati ya dola 6 na 25 hivi kwa terabaiti 1 kwa mwezi, na wewe una robo ya terabaiti, hivyo gharama ya kuhifadhi haitakuumiza. Kinachouma huwa kimejificha pengine. Kampuni nyingine hutoza kushusha data, hivyo soma bei ya kushusha kabla ya bei ya kuweka. Nyingine zina daraja la bei chee sana, na humo data inakaa kama imezikwa: daraja la chini kabisa la Amazon huchukua hadi saa 12 kabla hujaanza kushusha chochote, na zaidi ukichagua njia ya bei nafuu. Hilo linafaa kumbukumbu za kodi za miaka iliyopita ambazo mamlaka ya mapato (TRA) wanaweza kuziulizia. Kanzidata ya leo usiipeleke huko. Halafu kuna kadi. Huduma hukatwa kwenye kadi ya benki kila mwezi, kadi inaisha muda, barua pepe za onyo zinaenda kwenye anwani ambayo hakuna anayeifungua, na baada ya muda akaunti inafungwa na vilivyomo vinafutwa. Hili nimeliona mara nyingi kuliko wadukuzi.

Akaunti iwe yako. Si ya fundi, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Anwani ya barua pepe yako, namba yako, na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces ilivamiwa na mtu aliyepata njia ya kuingia kwenye akaunti yao ya Amazon. Seva zilikuwa humo, bekapu nyingi zilikuwa humohumo, akafuta sehemu kubwa, na kampuni ikafunga biashara. Kwa hiyo nywila ya bekapu isifanane na ya seva, na uchague huduma yenye uwezo wa kufunga nakala zisifutike kwa muda uliopanga, tuseme siku 30, hata na mwenye akaunti mwenyewe. Wanaopandikiza virusi vya fidia mara nyingi hukaa ndani siku au hata wiki kadhaa kabla ya kujionyesha, na kitu cha kwanza wanachotafuta ni bekapu. Weka nakala za kila siku za wiki 2, za kila wiki za miezi 2, na ya kila mwezi kwa mwaka.

Usidhani pia jengo la wingu haliungui. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo moja likateketea lote. Baadhi ya wateja waliokuwa wamelipia bekapu walikuta ilikuwa palepale kwenye eneo lililoungua.

Nikuambie na yangu. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia mfanyabiashara mmoja wa Lindi mfumo kama huu. Kila asubuhi aliona alama ya kijani ya tiki, akafurahi, nami nikafurahi. Miezi 8 baadaye seva yake ikafa nikaitwa. Nilishusha bekapu nikakuta folda tupu. Katikati hapo kuna siku niliihamisha kanzidata kutoka diski C kwenda D ili kupata nafasi, mkono wangu mwenyewe, nikasahau kuiambia programu ya bekapu. Ilikuwa inanakili hewa kwa uaminifu mkubwa kila usiku. Tulirudisha hesabu kwa kutumia risiti za mashine ya kodi (EFD) na daftari la mkono la mhasibu mmoja mzee ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta. Tangu siku ile simkabidhi mtu kazi kabla sijarudisha kanzidata yake kwenye kompyuta nyingine, mbele ya macho yake, akafungua programu na kumtafuta mdaiwa mmoja kwa jina. Nawe fanya hivyo kila baada ya miezi 3. Kompyuta yoyote ya pale Masasi inatosha kwa jaribio.

Mengi ya haya kijana wako anaweza kuyafanya akielekezwa. Lakini yapo ya kumwita mtu mwenye uzoefu aje ilipo seva. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugongagonga, izime, usiiwashe tena "kuona kama itakubali". Kila kuiwasha kunakula kilichobaki. Ikiwa seva ina diski kadhaa na taa moja imewaka nyekundu, usichomoe chochote kwa kubahatisha. Ikiwa umekuta mafaili yamebadilika majina na kuna ujumbe wa kudai pesa, chomoa waya wa mtandao kwanza, usichomeke diski yako ya bekapu kwenye mashine hiyo kwa namna yoyote, kisha piga simu. Na kama programu yako ya mauzo ilitengenezwa na kampuni fulani, aliyeitengeneza ndiye akueleze namna sahihi ya kutoa nakala ya kanzidata yake, si fundi wa jumla. Fundi yeyote utakayemchukua mwulize swali moja tu: utanionyesha kurudisha? Akianza kuzunguka, mpe maji ya kunywa umuage kwa heri.

Kabla ya hayo yote, leo jioni mkifunga duka, ichukue ile diski iliyo juu ya seva uende nayo nyumbani. Jumamosi uirudishe asubuhi, inakiliwe, iondoke tena mchana. Ikiwa haijafungwa kwa nywila, usiipitishe stendi ndani ya mfuko wa wazi. Humo kuna madeni ya nusu ya Masasi.